Kamera ya Canon 5D Mark III au R6? Namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Kijana ninayepiga naye picha aliniuliza usiku mmoja tukikunja stendi za taa baada ya harusi: "Kaka, niuze hii 5D yangu niongezee hela nichukue R6, au nibaki nayo?" Nami nikamuuliza: "Kazi iliyopita ulitupa picha ngapi, na ulizitupa kwa sababu gani?" Hakujua. Sikumcheka, maana hata mimi niliwahi kununua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, bila kujiuliza hivyo, na kasoro zilezile za bodi ya kwanza zikahamia kwenye ya pili.

Hili hapa ni jibu langu refu kwake. Nazungumzia Canon EOS 5D Mark III, iliyotangazwa Machi 2012, na EOS R6, iliyotangazwa Julai 2020, kwa kuwa wapiga picha wengi wa harusi ninaowafahamu wamekwama kati ya hizo mbili. Zote ni fulu-fremu, yaani kihisi chake, kile kipande kinachonasa picha, kina ukubwa wa fremu ya ile filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Ya kwanza ina kioo ndani kinachorusha mwanga wa lenzi kwenye dirisha la kuchungulia, ya pili haina. Kama wewe ni mtu wa Nikon au Sony, badilisha majina tu, hatua utazifuata hizihizi.

Kwanza tuondoe suala la megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. 5D Mark III ina 22.3, R6 ina 20.1. Umesoma sawasawa: mpya ina chache kuliko ya zamani. Picha ya R6 ina pikseli 5472 kwa 3648. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi unapata inchi 18 kwa 12 na ushee, sawa na ukurasa wa albamu kubwa kabisa ambayo mteja wako ataagiza. Mtu akikushawishi kubadilisha kamera kwa hoja ya megapikseli katika jozi hii, hajui anachouza.

Hatua ya kwanza: chambua picha ulizotupa

Fungua kompyuta. Chukua kazi zako tatu za mwisho, ukiwa na mafaili yote, hata yale uliyoyakataa. Kaa na daftari na uyapange yaliyokataliwa katika mafungu haya:

- fokasi imekosea: mtu alikuwa anatembea, au kulikuwa na giza, au jicho limefifia na sikio ndilo kali;
- picha imetikisika kwa sababu kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ilikuwa ndogo;
- mwanga mbaya: flashi imemulika uso kama ukuta uliopakwa chokaa, au kivuli kimekaa puani;
- vivuli vimekataa kuinuliwa, ulipojaribu vikatoa mistari na chembechembe;
- muda umepita: ulichelewa, au mtu alifumba macho, au shangazi alipita mbele na simu.

Hesabu kila fungu. Usikadirie kwa kichwa, maana kichwa kinakumbuka ile picha moja iliyokuuma na kusahau mia nyingine.

Fungu la tatu na la tano hazitibiwi na bodi yoyote. Kama ndiko zimejaa, hela yako iende kwenye flashi ya pili, mwavuli na stendi, au kwenye kuzoea ratiba ya emsii ili ujue keki inakatwa saa ngapi. Kijana wangu alipofanya zoezi hili, fungu lililoongoza lilikuwa la mwanga, na la fokasi likafuatia kwa mbali kidogo. Alikaa kimya muda mrefu.

Fungu la kwanza na la nne ndiyo mahali ambapo bodi mpya ina la kusema. La pili liko nusu kwa nusu, nitakueleza.

Hatua ya pili: elewa mpya inabadilisha nini hasa

Tuanze na fokasi, maana ndiko tofauti ilipo kubwa. 5D Mark III ina pointi 61 za fokasi, na kwa wakati wake ilikuwa mashine. Shida ni kwamba pointi hizo zimejikusanya katikati ya fremu. Bibi harusi akiwa amesimama pembeni mwa picha, na wewe una lenzi ya 85mm kwenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na eneo lililo kali ni jembamba), unashika fokasi kwa pointi ya katikati kisha unaizungusha kamera upange picha. Kuzungusha huko pekee kunatosha kuhamisha ukali kutoka jichoni hadi kwenye hereni. Mimi mwenyewe nilipoteza hivyo mlolongo mzima wa bibi harusi akiingia ukumbini, na kosa lilikuwa langu: nilitaka f/1.8 mahali palipohitaji f/2.8.

R6 inashika fokasi kwa kutumia kihisi chenyewe, karibu fremu yote, na inatafuta jicho la mtu na kulifuata anapotembea. Hailazimiki kukisia kupitia njia ya pembeni kama kamera yenye kioo, kwa hiyo ule ugonjwa wa lenzi kushika mbele kidogo au nyuma kidogo ya pale ulipolenga unaisha. Kwenye 5D Mark III ugonjwa huo una dawa: ndani ya menyu kuna marekebisho madogo ya fokasi, hatua 20 kila upande, kwa kila lenzi. Wenye kamera hiyo wengi hawajawahi kuyafungua. Kabla hujaiuza, weka kamera kwenye stendi, tegesha rula kwa mshazari, lenga alama moja, piga kumi, uone ukali umeangukia wapi. Huenda ukaokoa milioni kadhaa kwa jioni moja.

Pili ni vivuli. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu inahusu ngozi zetu na nguo zetu. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, kasimama kando ya gauni jeupe, jua la saa tisa. Ukilinda gauni lisiungue, uso wake unazama. Nyumbani unauinua. Mafaili ya 5D Mark III, hasa ya ISO ndogo (ISO ni kiasi unachoikuza nguvu ya mwanga ndani ya kamera), ukiyainua sana kwenye vivuli yanatoa mistari. Tabia hiyo ya kihisi chake inafahamika tangu siku nyingi. R6 inainua vivuli hivyo kwa usafi zaidi. Nayo 5D Mark IV ya mwaka 2016, yenye megapikseli 30.4, inainua vizuri kuliko kaka yake, kwa hiyo asiyetaka kuachana na kioo ana njia ya kati. Dawa ya bure kwa mwenye Mark III ni flashi ndogo ya kujaza uso, au kumvuta bwana harusi aingie kivulini. Wazee waliopiga kwa filamu walifanya hivyo, na nyuso zilionekana.

Ukipanda hadi ISO 3200 au 6400, tofauti ya vivuli inapungua kuliko matangazo yanavyodai. Ukumbini usiku, ukiwa na flashi, mteja hatatambua ipi ni ipi.

Tatu, kutikisika. R6 ina mfumo wa kutuliza kihisi ndani ya bodi, ambao Canon wanasema unafikia hatua 8 kwa baadhi ya lenzi, kila hatua ikiwa ni kupunguza kasi ya shata kwa nusu. Unasaidia mkono wako unapotetemeka. Hausaidii mtu anayecheza kwaito. Kama picha zako za fungu la pili zimetikisika kwa sababu watu walikuwa wanacheza, kilichokosekana ni kasi ya shata, na hicho utakipata kwa lenzi yenye tundu kubwa au ISO ya juu hata kwenye kamera ya zamani.

Nne, kimya. Ndani ya msikiti wakati wa kufunga nikahi, au kanisani padri akiwa anaongoza viapo, mlio wa kioo kupiga kofi unawageuza watu shingo. 5D Mark III ina hali ya kimya inayopunguza mlio, ingawa kasi yake inashuka kutoka picha 6 hadi 3 kwa sekunde. R6 inaweza kunyamaza kabisa kwa shata ya kielektroniki. Lakini jihadhari: ukiwa kwenye kimya hicho flashi haiwaki, na chini ya taa za LED za ukumbini picha zinaweza kutoka na mistari ya giza. Nimeona mtu amepiga saa nzima hivyo, akagundua nyumbani.

Taa zetu zinaendeshwa na umeme wa hezi 50, nazo kasi za shata za 1/50 na 1/100 ya sekunde ndizo zinazokubaliana nazo. R6 ina kinga ya kumeta kwa taa ukiwa kwenye shata ya kawaida. 5D Mark III haina.

Kwenye video sitakaa sana. 5D Mark III inaishia 1080p na haifuati uso ikirekodi. R6 inarekodi 4K na kufuata uso, ila inachemka: Canon wenyewe walitaja takriban dakika 40 za 4K ya fremu 30 kwa nyuzijoto 23. Hesabu mwenyewe Dar ya Februari itakupa ngapi. Kama video ndiyo mkate wako, tafuta R6 Mark II ya mwaka 2022 na uache mjadala huu.

Hatua ya tatu: hesabu vinavyokuja na bodi

Bei ya bodi ni mlango tu. Ndani kuna haya.

Lenzi zako za EF, ambazo Canon wamezitengeneza tangu 1987, zinafanya kazi kwenye R6 kwa adapta ya EF-EOS R, na nyingi zinashika fokasi vizuri kuliko zilivyokuwa kwenye kamera ya kioo. Adapta haina kioo cha lenzi ndani, ni nafasi tupu yenye waya za mawasiliano, kwa hiyo haipunguzi ubora. Nunua moja kwa kila bodi, na iache imefungwa hapohapo. Anayeichomoa na kuichomeka kila mara ataisahau nyumbani siku ya kazi.

Watu husema mpya ni nyepesi. 5D Mark III ina gramu 950 ikiwa na betri, R6 ina 680. Ongeza adapta ya gramu 110, tofauti inabaki 160. Kisha funga lenzi ya 70-200mm f/2.8, ile ya toleo la pili yenye takriban kilo moja na nusu. Bega lako halitajua kama umebadilisha kamera.

Betri: R6 inakubali betri za familia ya LP-E6 ulizo nazo, ingawa za zamani zinaweza kupunguza kasi ya kupiga mfululizo. Lakini inazila. Kwa vipimo rasmi, 5D Mark III inapiga takriban picha 950 kwa chaji moja ukichungulia kwenye dirisha la kamera. R6 ukichungulia hivyohivyo ni takriban 380. Harusi ya kutwa, beba nne. Kamera nyingine za Canon zisizo na kioo, EOS RP na R8, zinatumia betri ya LP-E17, ndogo zaidi, kwa hiyo akiba yako ya zamani haitakusaidia huko.

Kadi: R6 ina matundu mawili ya SD yenye kasi sawa. 5D Mark III ina moja la CF, aina ya kadi ya zamani iliyo kubwa zaidi, na moja la SD, na hilo la SD ni la polepole. Ukiandika RAW (faili ghafi la kihisi, kubwa kuliko JPEG ya kawaida) pande zote mbili, kamera nzima inamsubiri mchovu. Mimi naandika RAW kwenye CF na JPEG kwenye SD, na siku CF ikigoma nina cha kumpa mteja.

Sasa lile ambalo halitajwi dukani: kompyuta. R6 inatoa mafaili ghafi ya CR3, wakati 5D inatoa ya CR2. Lightroom 6, programu ya Adobe ya kuhariri picha, ile ya mwisho kulipiwa mara moja (sitauliza yako umeipata wapi), iliacha kupata masasisho mwishoni mwa 2017 na haifungui mafaili ya R6. Itabidi ulipie toleo la kila mwezi, au upitishe kila kazi kwenye Adobe DNG Converter, programu ya bure ya kugeuza mafaili hayo yafunguke, hatua inayokula muda na nafasi ya diski. Na kompyuta iliyozeeka inayofungua CR2 za 5D bila kelele inaweza kuanza kupumua kwa shida. Tena R6 inapiga picha 12 kwa sekunde, ukishikilia kidole kizembe unarudi nyumbani na picha elfu nne za kuchambua.

Hatua ya nne: kodi kwa usiku mmoja

Kabla ya kununua, kodi R6 kwa kazi moja halisi, au mwombe mwenzako akuazime ukiwa msaidizi wake. Nenda nayo ukumbini penyewe, siyo barazani kwako saa nne asubuhi. Ukirudi, rudia hatua ya kwanza. Kama fungu la fokasi limeshuka waziwazi, umepata jibu. Kama limebaki palepale, tatizo liko kwenye namna unavyopiga, na umelijua kwa gharama ya kodi ya siku moja.

Hatua ya tano: kagua mtumba kama fundi

Iwe ya zamani au mpya, pengine utanunua iliyotumika. Nenda mchana, na kadi yako, lenzi yako, tochi na kompyuta mpakato yenye waya wa USB. Muuzaji asiyetaka uguse, muage kwa heshima.

Anza na mwili. Tazama skrubu za chini, mahali pa kuchomeka flashi, na vyuma vya chumba cha betri. Kamera iliyoishi pwani bila matunzo huonyesha kutu na unga wa kijani. Pitisha tochi kwenye dirisha la kuchungulia na kwenye lenzi kama inauzwa nayo: nyuzi kama za buibui ni fangasi, nao wakishaingia hawatoki kwa kufuta.

Kwenye 5D Mark III, mulika ndani ya tundu la CF. Kuna pini nyembamba kama sindano, moja ikipinda tundu limekufa. Niliwahi kupinda yangu kwa kusukuma kadi upande gizani, na fundi hakunihurumia kwenye bei.

Sasa piga. Weka f/16, ukuta mweupe, fokasi iwe imefifia, kisha kuza picha kwenye kompyuta. Vumbi linaonekana kama madoa ya kijivu na linasafishika. Mkwaruzo una mstari wenye kingo kali, huo achana nao. Funika lenzi, piga sekunde tano kwa ISO 1600, utafute nukta zinazong'aa. Chache si neno. Jaribu kila gurudumu, kile kijiti cha kuchagulia pointi, matundu yote mawili ya kadi, na flashi. Ukiona ujumbe wa Err 30 kwenye skrini, ni shata. Err 20 ni hitilafu ya kiufundi ndani. Err 01 ni mawasiliano kati ya lenzi na bodi, hiyo wakati mwingine huisha kwa kufuta vyuma vya lenzi, lakini usimwachie muuzaji akuhakikishie kwa mdomo.

Idadi ya shata: namba ya jina la faili haikuambii kitu, inafika 9999 na kuanza upya. Chomeka 5D kwenye kompyuta kwa USB na uisome kwa programu ya kuhesabu shata, gphoto2 mojawapo. Shata ya 5D Mark III ilipimwa kwa mipigo 150,000, ya R6 kwa 300,000. Hicho si kiama, zipo zinazopita na zipo zinazokufa kabla. Lakini kama yenye 120,000 inauzwa bei sawa na yenye 40,000, mtu anakudhania mgeni wa mji.

Kwa R6 ongeza mambo machache. Kamera ikiwa imezimwa na ukaitikisa kidogo, utasikia kihisi kinacheza. Hiyo ni kawaida ya mfumo wa kutuliza, usikimbie. Ikiwashwa, itulie: piga kwa 1/10 ya sekunde ukiwa umeshika mkononi, picha zitoke kali nyingi. Kisha rekodi 4K dakika kumi na tano uone inavyopandisha joto, na utikise kidogo waya wa USB uone tundu halijalegea.

Mwisho linganisha namba ya bodi iliyoandikwa kwenye mwili na ile iliyo ndani ya taarifa za picha. Zikitofautiana, swali si la kamera tena. Andikishaneni karatasi yenye namba hiyo na namba ya NIDA ya muuzaji, na ulipe kwa simu au benki ili kubaki na kumbukumbu. Kamera huibiwa sana kwenye sherehe, nawe hutaki kumweleza polisi kwamba ulinunua kwa "jamaa mmoja hivi".

Hatua ya sita: igeuze bei iwe idadi ya kazi

Shilingi pekee hazisemi kitu. Chukua gharama yote ya mpya, pamoja na adapta, betri, kadi na programu. Toa utakachopata ukiuza ya zamani. Gawa kwa kile kinachobaki mfukoni baada ya kazi moja, ukishalipa usafiri, msaidizi na albamu. Kwa mfano wa hesabu tu: tofauti ikiwa milioni mbili na nusu na kazi moja inakuachia laki mbili na nusu, kamera ni harusi kumi. Kama kalenda yako ina kumi zilizolipiwa kianzio, endelea. Kama unategemea zitakuja kwa sababu umenunua kamera, subiri. Mteja haulizi bodi gani, anaangalia picha za shemeji yake.

Basi ipi?

Nunua 5D Mark III, au baki nayo, kama kazi zako nyingi ni za kupanga watu na kuwasha taa: studio, familia, pasipoti, bidhaa, mahafali. Inafaa pia kwa anayetoka kwenye kihisi kidogo na ana bajeti ya bodi na lenzi moja nzuri kwa pamoja. Bodi ya zamani yenye 85mm f/1.8 na flashi mbili inaiacha mbali bodi mpya yenye lenzi ya kuunga.

Chukua R6 kama picha ulizotupa ni za watu wanaosogea gizani, kama unaingia nikahi na ibada mara kwa mara, au kama wateja wanataka picha kwenye simu usiku uleule, maana ina Wi-Fi na 5D Mark III haina. Ingawa kisoma kadi cha OTG, kile cha kuchomeka kwenye simu, na JPEG zako za SD vinafanya kazi hiyo kwa bei ya chipsi mayai.

Na kama unaweza, usiuze ya zamani. Harusi inataka bodi mbili, na betri zao ni za familia moja. Kijana wangu alimaliza hivyo: alinunua flashi ya pili kwanza, akakodi R6 kwa kazi nne, ya tano akanunua yake, 5D ikabaki na lenzi ya 24-105mm kwa picha za makundi.

Siku ya kwanza ya kuzitumia pamoja, fungua menyu za zote mbili na ulinganishe saa hadi sekunde. Zikipishana hata dakika tatu, kwenye kompyuta keki italiwa kabla haijakatwa.